"If" au "whether"? Jibu kwa binti wa risepsheni Bagamoyo

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi risepsheni kwenye loji ndogo huku Bagamoyo, upande wa baharini, na kazi yangu kubwa ni kujibu meseji na imeili za wageni. Kinachonitesa ni 'if' na 'whether'. Sekondari tuliambiwa 'if' ni ya masharti tu, swali weka 'whether', na 'whether' lazima ifuatwe na 'or not'. Mbona wageni wenyewe wananiandikia 'do you know if' kila siku? Juzi niliwaandikia wageni wanne waliokuwa wanaenda Kaole, 'Please tell me if you want lunch after the tour'. Hawakujibu. Nikaogopa wasije wakarudi na njaa nikamwambia mpishi awakaangie samaki, wamerudi wakasema hawali, na mmoja akanambia kwa upole tu kwamba mimi ndo niliwaambia waseme kama wanataka. Bosi kanisema sana. Na siku nyingine alinicheka kwa sababu niliandika 'Can you tell me that are you coming by bus?' Naomba unielekeze, nitumie ipi wapi na maneno yanapangwaje?"

Marahaba mwanangu, na pole ya samaki.

Humo ndani umeuliza vitu viwili ambavyo watu huvichanganya wakavifanya kimoja. Kuna kuchagua neno, "if" au "whether", na kuna kupanga maneno yanayofuata baada ya hilo neno. Kwa wengi wetu cha pili ndo kinachotuumbua zaidi, lakini najua roho inakuuma kwenye samaki kwahiyo tuanzie hapohapo.

Kwanza hukukosea sarufi. "Please tell me if you want lunch after the tour" ni Kiingereza safi, hamna mwalimu wa kukupigia mkasi, tatizo lake ni kwamba inasomeka kwa namna mbili. We kichwani ulikuwa na hii: mnataka au hamtaki, nijibuni. Wao wakasoma hii: mkitaka mniambie, msipotaka basi hamna haja ya kusema. Hawakutaka, wakanyamaza, na kwa upande wao ule ukimya ndo jibu. Ungeweka "whether" hapo ile namna ya pili inafungwa kabisa, maana "tell me whether you want lunch" inadai jibu hata kama jibu lenyewe ni hapana. Na mimi ningeongeza na saa, hivi: "Please let me know by 9 a.m. whether you would like lunch, so that the cook can buy fish." Mtu akishaona kuna mtu ataenda sokoni kwa ajili yake huwa anajibu.

Sasa utaniambia, mwalimu nitajuaje kama sentensi yangu ina namna mbili wakati mimi mwenyewe naisoma kwa namna moja? Hapo ndo nataka usikilize vizuri, kwa sababu chombo cha kupimia unacho tayari, umezaliwa nacho, na kwenye madarasa ya Kiingereza ni nadra mtu kukitaja kwa kuwa tumezoea kuambiwa Kiswahili kinaharibu Kiingereza chetu. Chombo chenyewe ni -ki-, ile ya "akija", "ukitaka", "mvua ikinyesha". Mwingereza hana kitu cha hivo, yeye "if" yake inafanya kazi mbili, ya sharti na ya swali lililofichwa ndani ya sentensi, na sisi "kama" yetu nayo inafanya hizo kazi mbili, lakini -ki- yetu kati ya hizo mbili inafanya moja tu, ya sharti, swali hailibebi.

Kwahiyo fanya hivi. Iseme sentensi yako kwa Kiswahili, halafu itoe "kama" uingize -ki-. Ikikubali na maana ikabaki ileile, hilo ni sharti, weka "if" na "whether" usiiguse. Ikikataa, au maana ikageuka, ujue kuna swali la ndiyo au hapana limejificha humo, na hapo "whether" inakaa vizuri na "if" nayo mara nyingi inakaa. Chukua "kama mvua itanyesha tutaahirisha safari". Ukisema "mvua ikinyesha tutaahirisha safari" hakijaharibika kitu, basi ni sharti, "If it rains, we will postpone the trip", na ukiandika "Whether it rains, we will postpone" mgeni atabaki anasubiri sentensi iishe. Chukua na hii, "sijui kama dereva amefika". Jaribu "sijui dereva akifika", unaona inavyoning'inia, akifika nini sasa? Hiyo ni swali, "I don't know whether the driver has arrived", na "if" pia ruksa. Ninayoipenda mimi ni ya geti. "Angalia kama geti limefungwa" unamtuma mlinzi akahakikishe, lakini "angalia geti likifungwa" umemwambia akae pale atazame geti linavyofungwa. Maana imegeuka, kwahiyo ni swali, "Check whether the gate is locked."

Ile ya chakula ipitishe hapohapo uone. "Niambieni mkitaka chakula" na "niambieni kama mnataka chakula" zote zinasemeka, ila si kitu kimoja. Ukiona sentensi yako inakubali pande zote mbili na maana ni tofauti, basi hiyo ndo yenye mtego. Ukitaka jibu la lazima andika "whether". Ukitaka mtu akusumbue pale tu anapohitaji andika "if", mfano "Let me know if you need extra towels", hapo hutaki watu wote wakujibu kwamba hawahitaji taulo.

Kipimo hichohicho kinakuokoa kwenye zile sentensi za heshima ambazo nyie wa mahotelini mnaziandika sana. "Nitashukuru ukinitumia nakala ya pasi" ina -ki- ndani yake, basi ni "I would be grateful if you could send me a copy of your passport", usiweke "whether" ukidhani ndo adabu zaidi. "Utajali tukikuhamishia chumba kingine?" ina -ki-, basi "Would you mind if we moved you to another room?" Nawaona watu wakishajua kwamba "whether" ni neno la kiofisi wanaimwaga kila mahali, barua inakuwa ngumu halafu na makosa juu. Kuna na "I was wondering if you could help me", hii ukiipima kwa undani ni swali, "whether" haikatazwi, ila mazoea ya wenye lugha ni "if", ukiweka "whether" unasikika umevaa tai ufukweni.

Halafu kuna lile la "will" ambalo hukuliuliza lakini najua lipo. Tulifundishwa "usiweke will baada ya if", na ni kweli kwenye masharti ya kawaida, "If he comes, I will tell you". Sasa mwanafunzi anakutana na "I don't know if he will come" anaona mzungu kakosea. Hajakosea. Rudi kwenye Kiswahili chako, "akija nitakwambia", kwenye "akija" hamna -ta-. "Sijui kama atakuja", -ta- ipo. Kiingereza nacho ndo hivohivo, penye "akija" hamna "will", penye "kama atakuja" weka "will" bila wasiwasi. Mtu akijenga tabia ya kufikiria sharti kwa -ki- hili linanyooka lenyewe.

Kuhusu mwalimu wako wa sekondari, simlaumu, darasa likiwa na watoto wengi unawapa kanuni fupi wapate maksi. Ila kusema "if" ni ya masharti tu si kweli, Waingereza wanaitumia kwenye maswali ya ndani miaka na miaka, mdomoni ndo inatawala kabisa. Na "or not" si lazima. "Whether" peke yake tayari ina pande mbili tumboni, zamani kwenye Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa linauliza "kipi kati ya viwili". Ukiongeza "or not" unatia mkazo tu. Ukiamua kuiongeza, "whether" inakubali kuibeba mgongoni, "I don't know whether or not they are coming", na inakubali ikae mwisho, "whether they are coming or not". "If" inakubali ya mwisho tu, "if they are coming or not". Ukiandika "if or not they are coming" hiyo haipo.

Zipo sehemu ambazo "if" haiingii hata umuombe. Baada ya vile vineno vidogo kama "on", "about", "of", mfano "The boat trip depends on whether the tide is high", na huku kwetu pwani hiyo sentensi utaiandika kila wiki maana bahari ikipwa chombo kinalala mchangani. Mbele ya kitenzi chenye "to" pia, "They have not decided whether to stay in Bagamoyo or go back to Dar es Salaam", huwezi kusema "if to stay". Na ukianza nayo sentensi iwe ndo kiima, "Whether the road is open is not clear yet". Hapo ukianza na "If" msomaji anajua unaleta sharti, anasubiri "then" haiji. Hizi zishike hivohivo.

Sasa twende kwa bosi na kicheko chake. "Can you tell me that are you coming by bus?"

Kwenye mdomo wa Kiswahili sentensi hiyo haina shida, "naomba kujua kwamba je, mnakuja na basi?", tunaisema sote, mpaka redioni. Ndo ilikotoka hiyo "that". Kwa Kiingereza "that" inabeba taarifa tu, "he told me that the bus is late", swali haiwezi kulibeba, kwahiyo ukiwa unauliza swali "ask that" na "that if" zifute kabisa. Aliuliza, ni "asked if" au "asked whether". Alisema, ndo "said that".

Kubwa zaidi ni hiyo "are you". Fikiria Kiswahili kinavyouliza. "Mnakuja na basi." "Mnakuja na basi?" Hakijahama kitu, sauti tu imepanda, au unaweka "je" mbele. Kiingereza kinapindua, "You are coming" inakuwa "Are you coming". Hili la kupindua lilitutoa jasho shuleni, tumechapwa kwa ajili yake, mpaka likaingia kwenye damu, na sasa tukinusa swali popote tunapindua. Ila Kiingereza kinapindua swali kuu peke yake. Kwenye sentensi yako swali kuu ni "Can you tell me", na hapo umeshapindua "you can" ikawa "can you", imetosha. Kinachofuata baada ya "whether" kinarudi kwenye mpangilio wa taarifa ya kawaida: "Can you tell me whether you are coming by bus?" Yaani hapo ndani Kiingereza kinajipanga kama Kiswahili, halafu sisi waswahili ndo tunakigeuza kwa sababu ya kuogopa kukosea. Sijui nicheke au nilie.

Na "do" je? "Does the guide speak German?" ukiiingiza ndani inakuwa "They want to know whether the guide speaks German". Angalia ile -s. "Do" ni kibarua aliyekodiwa kubeba swali, na akija anachukua mzigo wa kitenzi, anabeba -s inakuwa "does" au anabeba wakati uliopita inakuwa "did". Swali likishabebwa na "whether" kibarua anaondoka, mzigo unarudi kwa mwenyewe, "speaks". "Did they pay?" inakuwa "The manager wants to know whether they paid". Ukiandika "whether did they pay" umemuita kibarua kazi imeshakwisha, na ukiandika "whether they pay" mzigo umeuacha njiani.

Kuna na daftari lenu la zamu, nadhani mnalo, lile la kumwachia mwenzio maelezo usiku. Humo ndo wakati unavurugika, kwa sababu unaandika habari za mtu aliyeuliza zamani. Mgeni alikuuliza "Is there hot water?" We unaandika "The guest in room 4 asked if there is hot water", na ingeeleweka, ila kawaida yao "asked" ikiwa ya zamani inavuta na ya ndani irudi nyuma: "asked if there was hot water". "Has the taxi left?" inakuwa "asked whether the taxi had left". "Will you come?" inakuwa "asked whether I would come". Kiswahili hakivuti, "aliniuliza kama nitakuja" -ta- inabaki imesimama palepale, ndo maana sikio letu halishtuki tukikosea hapa. Usijitese sana, kitu kikiwa bado ni kweli mpaka sasa unaruhusiwa kukiacha, "She asked whether the museum opens on Sundays" ni sawa kabisa. Na kama kitenzi cha kuuliza ni cha sasa, "he wants to know", "she is asking", hakivuti kitu.

Maswali yenye wapi, lini, nani, nini hayahitaji "if" wala "whether", neno lenyewe la kuulizia ndo kiunganishi. "I asked where he was going", sio "I asked if where he was going". Mpangilio ni uleule wa taarifa. Alama ya kuuliza inafuata swali kuu, "I wonder whether the boat leaves today" inaisha na nukta, "Do you know whether the boat leaves today?" inaisha na alama ya kuuliza. Na tahajia jamani, "weather" ni hali ya hewa, nyie wa ufukweni mnaziandika zote mbili siku moja, na ukiandika "wether" bila h ya mwanzo simu inaweza isikusahihishe maana hilo nalo ni neno, ni kondoo dume aliyehasiwa.

Sasa ushauri wangu kwa kazi yako hasa. Kwenye meseji za haraka na ukiongea, tumia "if", hamna atakayekushangaa. Kwenye imeili za buking, na popote ambapo ukimya wa mgeni utakugharimu hela au chakula, tumia "whether" na uweke saa ya mwisho ya kujibu. Na kuna njia ya tatu ambayo watu wanaidharau, acha vyote viwili uulize moja kwa moja, "Would you like lunch? Please reply yes or no before 9." Haina urembo ila haina mtego pia. Kumbuka wageni wenu wengi hata hicho Kiingereza si chao. Mjerumani kwao ana maneno mawili kabisa, "ob" ya swali na "wenn" ya sharti, Mfaransa ana "si" moja inayofanya kazi zote mbili kama "kama" yetu, kwahiyo huwezi kujua ataisoma "if" yako kwa namna ipi. Kwa mgeni ambaye Kiingereza chake mwenyewe kinasuasua, hilo swali fupi la moja kwa moja ndo ningelichagua mimi, "whether" nzuri ikae siku nyingine.

Kama ukijipima unaona hata maswali ya kawaida, yale ya "Do you" na "Are you" na "Did you", bado yanakuyumbisha, basi maelezo ya kuandikwa kama haya hayatakutosha, tafuta mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana. Huko Bagamoyo walimu wa sekondari wanaofundisha jioni hawakosi, na waongoza watalii wazoefu baadhi yao Kiingereza chao cha mdomoni kimenyooka kuliko chetu sisi wa darasani. Usiende mikono mitupu. Fungua simu, kopi meseji zako za mwezi mzima ulizowatumia wageni, ficha majina na namba zao, zichape au umwoneshe hivohivo, mwambie aweke alama tu penye "if", "whether" na "that". Kwenye mazungumzo mtu hupita juu ya kosa, kwenye karatasi linaonekana limejirudia palepale. Na mwambie akuulize kwa mdomo, yeye anasema "Is the room ready?" we unamalizia "He wants to know...", haraka haraka bila kuandika, mpaka "is" iache kutangulia.

Kitu kimoja tu usikiandike peke yako hata ukishaiva, nacho ni masharti ya loji, yale ya kurudisha hela mgeni akighairi au akichelewa kulipa. Humo "if" na "whether" zikikosewa mtu anadai pesa zake kihalali. Hayo mwambie bosi ampe mwanasheria ayapitie kabla hujayabandika kwenye imeili yoyote.